Mbio za kilomita 5 kwenye tamasha la bia, nikanywe Jumamosi au nijizuie?

mtoto_wa_temeke: Wakuu habarini, niko Munich likizo kwa shemeji, Oktoberfest imepamba moto, sasa kuna kamji hapa jirani nako wana katamasha kao ka bia na Jumapili asubuhi kuna mbio za km 5, nimejiandikisha kwa mbwembwe na sijakimbia tangu Aprili. Jumamosi niende Theresienwiese, uwanja wa Oktoberfest, au?

bibi_siti: Jizuie mwanangu. Glasi yao moja ni lita nzima na ile bia ina kilevi kama asilimia 6, utajikuta unaimba Kijerumani.

kocha_mstaafu: Nenda kale tu nyama, maji mengi. Asubuhi Septemba mwishoni kule baridi, vaa mikono mirefu. Na usiwafukuze wa mbele.

pilipili_kichaa: Mna bahati, kuna watu wanakimbia mizunguko minne, kila mzunguko na bia yake, ukitapika unaongezewa wa tano 😂

mtoto_wa_temeke: Mrejesho: dakika 38, nimepitwa na mzee kavaa kaptula ya ngozi. Bia ya mwisho wa mbio ilikuwa tamu balaa, shemeji bado ananicheka.