Mrejesho: ripoti za matukio ya kunusurika zimeanza kuja

Awali niliuliza hapa kwa nini kazini kwetu hakuna anayeripoti matukio ya kunusurika (ajali iliyokaribia kutokea lakini haikuumiza mtu) ilhali fomu zipo. Mliogusia bonasi ya "siku bila ajali" mlipatia: anayeripoti anawakosesha wenzake pesa, basi kidonda kinafungwa kitambaa kimyakimya. Bonasi imefutwa. Fomu ya kurasa mbili sasa ni kadi ya mistari mitatu: nini, wapi, kifanyike nini, jina si lazima. Msimamizi anajibu ndani ya saa 48, hata kama jibu ni "bado", na linabandikwa ubaoni.

Ripoti zimepanda ghafla, uongozi ukashtuka. Hatari hazijazidi, zimeonekana tu!

Kinachosumbua bado ni kinga ya msumeno: inafunguliwa kutoa vumbi, hairudishwi. Mabango hayajasaidia, inawekwa swichi inayokata umeme wa mota kinga ikifunguliwa.