Begi la mjomba lina nafasi ya santuri 3 za jazi, nichukue zipi?

Mtegeta
Wakuu, salaam. Mjomba anarudi Ijumaa kutoka New York, kasema begi lina nafasi ya santuri 3 tu. Nataka jazi yenyewe, zile albamu ambazo ukizikosa huwezi kujiita msikilizaji. Kwenye orodha nina *Kind of Blue* ya Miles Davis na *A Love Supreme* ya Coltrane. Ya tatu sijui. Natanguliza shukrani.

BabaTausi
Mleta mada, bajeti shilingi ngapi? Pleya aina gani? Umeshasikiliza nini? Tusije tukakuandikia dawa bila kukupima.

Besi_Nne
Ya tatu *Mingus Ah Um*, mjadala ufungwe. Halafu Coltrane mwache kwanza. Dakika 33 za mtu anayesali kwa saksafoni, mgeni unamtupa kina kirefu. Mimi nilianza kuielewa mwaka wa tatu.

ShangaziChangombe
Mwacheni mtoto wa watu asali. Ila mbona nyote mnapuliza tu, hakuna wa kuimba? *Ella and Louis*, 1956. Ella Fitzgerald sauti ya hariri, Louis Armstrong ya kokoto, Oscar Peterson kwenye piano. Hiyo hata mama mkwe akija huzimi.

Kinanda_Tanga
Kijana, *Kind of Blue* usiagize kichwakichwa. 2011 nilinunua ya mtumba, toleo la Marekani la miaka ya 70. Jalada safi, sahani haina mkwaruzo. Kila jioni nafuatisha "So What" kwa kinanda, haikai. Wao wako juu, mimi chini; hata nusu noti haifiki, ni unywele tu, lakini unakera. Nikapeleka kinanda kwa fundi, akakaa nacho wiki mbili, akasema kizima, nilipe. Sikumwamini, nikapeleka kwa mwingine. Huyo akafungua, kikarudi na vitufe viwili havilii. Mke wangu akaanza kuniuliza kama sikio ndilo bovu.

Kumbe siku ya kwanza ya kurekodi, Machi 2, 1959, mashine ya tepu ilizunguka taratibu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ukiipiga kwenye mashine nzima muziki unapanda. Upande wa kwanza wote! Wakauza hivyo zaidi ya miaka 30, marekebisho yakaja miaka ya 90. Mjomba achukue toleo la karibuni. Vile vitufe mpaka leo havilii.

Besi_Nne
Pole mkuu. Hicho kinanda hakikuwa na sehemu ya kupandisha tuni?

Kinanda_Tanga
Kilikuwa nayo. Nimeijua 2014.

Mtegeta
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Bajeti laki 2 kwa zote. Pleya ni ya marehemu babu, ina swichi ya kasi ya 33, 45 na 78, ila sindano haina. Nilichosikia ni "Take Five", na OK Jazz za babu.

BabaTausi
SINDANO HAINA? Basi santuri 2 na sindano. Na OK Jazz si jazi.

Mnyamwezi_Halisi
Si jazi? Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka, wote walitudanganya?

BabaTausi
Nani kasema walidanganya? Hapa kwetu bendi ya dansi yenye magitaa na matarumbeta ilikuwa ikijiita Jazz, basi. Mbaraka nampenda kuliko hao wote waliotajwa humu, lakini lile ni dansi.

ShangaziChangombe
Mnagombea jina, wakati *Uhuru Afrika* ya Randy Weston hakuna aliyeitaja. Ilirekodiwa 1960, na ndani yake Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, anasoma kwa Kiswahili kabla Tanganyika haijapata uhuru. Makaburu waliipiga marufuku.

Besi_Nne
Kama ni Kiswahili, Herbie Hancock 1971: albamu inaitwa *Mwandishi*, na mwenyewe akajiita hivyo. Mpiga besi wake Buster Williams akawa Mchezaji. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na kweli alikuwa daktari.

Mnyamwezi_Halisi
Na Julian Priester wa tromboni wakampa Pepo Mtoto. Aliyegawa majina alikuwa na lake moyoni.

Mtegeta
Wakuu, mjomba yuko dukani sasa hivi, anauliza sindano namba ngapi. Hiyo namba inaandikwa wapi?