Kuandika LinkedIn kumenigombanisha na ofisi. Nifute ukurasa au niache kazi?

Daftari Jeusi (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Niko Dar, nimeajiriwa kampuni ndogo ya ukaguzi wa hesabu, na nimebakiza masomo machache ya CPA, mitihani ya bodi ya wahasibu NBAA, ambayo natarajia kuyafanya Novemba. Tangu mwaka jana naandika LinkedIn mambo ya kodi kwa Kiswahili chepesi: kwamba VAT unasajiliwa mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, zile asilimia 5 za kodi ya zuio unazokatwa ukilipwa huduma zinakwenda wapi, kwa nini mshahara wa 270,000 kwa mwezi haukatwi PAYE, yaani kodi ya mshahara. Ni maswali ambayo watu wanayo kila siku, na kumpata wa kukujibu bila kumlipa ni kazi.

Watu wamenipokea vizuri mno. Nimeitwa kufundisha vikundi vya wajasiriamali. Meneja fedha wa kampuni moja kubwa kaniandikia mwenyewe, ananiuliza kama niko tayari kuhama. Nimesambaza CV miaka yote na haijawahi kunipa hata simu moja ya namna hiyo. Sasa bosi kaniita, kasema nichague, ukurasa au kazi. Silali wakuu. Nifute akaunti, au niendelee kwa jina la bandia?

Ngosha 88
Pole mkuu. Huyo bosi ana wivu, basi. Mimi ni fundi wa sola, niko Kahama. Nilianza kurekodi video nikifunga paneli, naeleza kwa nini betri ya mtu imekufa mapema. Tajiri niliyekuwa chini yake akanuna, eti nawachukua wateja wake. Niliondoka. Leo watu wananipigia kutoka Geita hadi Tabora na sijawahi kubandika tangazo hata kwenye mti. Jina lako ni lako, la ofisi ni la ofisi. Usifute kitu.

Mama Wawili
Vijana mna haraka. Sisi tulijulikana kwa kazi, mtu anakusifia hata haupo. Sasa hivi mtu ana mwaka mmoja ofisini na tayari ni mtaalamu na mshauri, picha amekunja mikono. Mwanangu, kwanza maliza mitihani.

Mtoto wa Kariakoo
Samahani natoka kidogo nje ya mada. VAT si milioni 100? Nani kasema 200?

Daftari Jeusi
@Mtoto wa Kariakoo ilikuwa 100. Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha hadi milioni 200 kwa mwaka, kuanzia Julai 2023.
@Mama Wawili nakuheshimu mama, lakini kazi yangu ofisini haionekani na mtu. Ripoti inasainiwa na bosi, inakwenda kabatini kwa mteja. Nani atanisifia?

Mkaguzi Mstaafu
Kijana, nimekaa kwenye fani hii muda mrefu. Hakuna bosi anayemfukuza mtu kwa kueleza kiwango cha VAT, hicho kila mtu anaweza kukisoma. Kuna andiko moja limemkera. Ni lipi?

Daftari Jeusi
Ni maandiko ya kawaida tu mzee wangu, ya kuelimisha. Tatizo ni kwamba yeye haupendi mtandao.

Mkaguzi Mstaafu
Sikukuuliza anapenda nini. Nimeuliza andiko lipi.

Daftari Jeusi
Sawa. Kuna moja nilieleza jinsi kiwanda cha kukamua alizeti kinavyoweza kupoteza fedha bila mwenyewe kujua. Mafuta yanauzwa kwa risiti ya EFD, lakini mashudu yanatoka mlango wa nyuma kwa fedha taslimu, hayaingii kitabuni. Nilisema ni Singida. Jina la kiwanda sikutaja, la mwenyewe sikutaja. Ni mteja wetu, ndiyo, lakini viwanda vya alizeti Singida viko vingi. Mwenyewe kajitambua, akampigia bosi.

Na niseme ukweli, hilo ndilo lililosomwa kuliko yote. Yule meneja fedha alilisambaza ndipo akaniandikia. Ndiyo maana sijalitoa. Na nimeshamjibu kwamba nakuja, kwa hiyo sioni kwa nini niishi kwa hofu ya mtu ninayemuacha. Nimefundisha watu, sijamwibia mtu.

Ngosha 88
Duh. Hili hukulisema mwanzo mkuu.

Mkaguzi Mstaafu
Sasa tunazungumza. Kanuni za maadili tunazofuata wahasibu zina misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu, usiri, na mwenendo wa kitaaluma. Usiri hauishii kwenye jina. Ukitaja biashara, mkoa na namna fedha inavyotoka, umeshamtaja mtu kwa wote wanaomjua, na hao ndio anaowaogopa: ndugu zake, wabia wake, benki yake. Pia hauishi ukiacha kazi. Unaondoka nao.

Kujijengea jina ni jambo jema na ningekuwa na umri wako ningefanya. Lakini jina la mhasibu linakaa juu ya kitu kimoja, kwamba mtu akikufungulia vitabu vyake, vitabaki vyake. Ukitaka mifano halisi, kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam zinachapisha hesabu zao hadharani. Chukua hizo, zichambue mstari kwa mstari, eleza faida imeongezeka wapi na deni limejificha wapi. Hakuna atakayekupigia simu kukulaumu. Au tunga duka, sema wazi umelitunga.

Kidato Sita
Wazee mnapoteza muda. Hii ni chai. Mtu hajamaliza CPA, meneja fedha wa kampuni kubwa anamwandikia mwenyewe? Kwanza alisema ukurasa ni wa kodi tu, kabanwa, ghafla kuna kiwanda. Huu uzi ndio kujibrandi kwenyewe. Subirini kesho aweke namba ya WhatsApp, "karibuni kwenye kozi yangu".

Mtoto wa Kariakoo
Hahaa, Kidato Sita umeua. Weka skrinishoti basi mleta mada.

Ngosha 88
Hata mimi nimeanza kupata mashaka. Taja ukurasa tukauone.

Daftari Jeusi
Ukurasa sitaji kwa sababu una jina langu kamili. Kozi sina, siuzi kitu hapa. Inauma mtu uje na shida uitwe mwongo. Kama hamuamini, wa Singida watanisaidia: ni kile kiwanda cha [SEHEMU HII IMEONDOLEWA NA MODERATOR].

Mnyiramba Halisi
Huwa nasoma tu, leo naandika. Niliiona kabla haijaondolewa. Mwenye kiwanda namfahamu, mke wangu ananunua mashudu pale ya kulishia kuku. Kidato Sita, si chai. Lakini wewe kijana, huyo mzee ana watoto wanaosoma humu.

Mama Wawili
Ee Mungu wangu.

Mkaguzi Mstaafu
Daftari, umefanya tena, mbele ya macho yetu, ili tu watu usiowajua wakuamini. Ndivyo mtandao unavyomvuta mtu. Lile andiko litoe leo kabla hujalala. Kesho mwambie bosi umelitoa na umwombe radhi mteja kupitia kwake. Ukurasa baki nao.

Daftari Jeusi
Nimelitoa sasa hivi. Bosi nitamwona asubuhi. Ila kuhama nahama, hilo nimeshaamua.

Mkaguzi Mstaafu
Hama. Huko unakoenda wamekuuliza chochote kuhusu kuandika kwako?

Daftari Jeusi
Hapana. Wamesema wanapenda ninavyoandika.

Mkaguzi Mstaafu
Wanapenda kwa sababu ilikuwa siri ya mwingine. Kabla hujasaini, uliza nani atasoma andiko kabla halijatoka na kipi hakiguswi. Jibu liwe kwenye maandishi.

Mtoto wa Kariakoo
Wakuu, kabla uzi haujafungwa. Nina kampuni ya usafi, ofisi moja imenikata hizo asilimia 5 kwenye malipo. Nazipataje?

Daftari Jeusi
Dai cheti cha kodi ya zuio kutoka kwa aliyekukata. Ukiwasilisha ritani ya mapato ya mwaka, kiasi hicho kinahesabiwa kama kodi uliyokwisha lipa. Wakikuzungusha kuhusu cheti, rudi hapa nikuelekeze, na jina la ofisi usiliandike.