Jamaa kanicheka mbele ya grupu zima kisa tekscha za udongo, sikubali!!

Wakuu, naandika hapa mkono unatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule yule ambaye mtu akiweka kazi yake kwenye grupu lazima atokee. Leo nimeweka tekscha zangu za ardhi, yaani picha za udongo za kutandaza chini, za ile njia ya reli ya Kahe–Moshi–Arusha ninayoijenga kwenye Open Rails, lile gemu la kuendesha treni kwenye kompyuta, jamaa hakusema nzuri wala mbaya, katuma voisi ya KICHEKO. Kicheko kitupu! Nafungua nikijua ni maoni, nasikia mtu anacheka mpaka anakohoa.

Sasa njia yake yeye, pale Usa River kamwaga majani ya Uingereza, kijani utadhani watu wanachezea gofu. Reli imefika Moshi 1911, Arusha 1929, na haijawahi kupita kwenye majani kama yale hata siku moja. Mimi nimeinama Kahe kwenye vumbi la kweli, simu nimeishika ikitazama chini kabisa, nasubiri wingu lifunike jua maana kokoto zikitupa kivuli kile kivuli kinajirudia njia nzima na macho yanakamata fasta. Nikakata 512 kwa 512, nikaingia GIMP, ile programu ya kuhariri picha, nikaisogeza nusu ile mishono ya pembeni ije katikati, nikaifuta kidogo kidogo mpaka machozi yananitoka, nikageuza kuwa ACE, aina ya faili la picha ambalo gemu linasoma, nikatupia kwenye TERRTEX, folda ya tekscha za ardhi. Halafu mtu anacheka! Hata "mkuu punguza wekundu" hakuna. Anakohoa tu!! Na nyie mlioweka viemoji vya kucheka humu mpo, nimewaona.

Chalii wa Kijenge: Oya mangi weka picha kwanza, hatuwezi kukulilia gizani

Mleta uzi: [picha] Haya. Semeni kinachochekesha ni nini

Mzee wa Pasua: Mkuu hapo chini kulia ni ndala?

Chalii wa Kijenge: NDALA 😂😂😂 tena ya bluu!! yani toka Kahe mpaka Arusha kila ukienda mita kadhaa ndala, abiria wote wameshuka pekupeku

Mleta uzi: Hilo ni jiwe. Na msitoke nje ya mada, mada ni KICHEKO

Mzee wa Pasua: Jiwe lina mkanda?

Dada wa Rau: Jamani mwacheni kaka wa watu. Ila mwenzenu nina langu, mie kokoto za reli zinaelea hewani, nimeshusha ardhi nikapandisha, treni inapita kama mzimu, na nikiuliza kwenye grupu naambiwa "soma maelekezo". Maelekezo yenyewe Kijerumani

Chalii wa Kijenge: Na nyie wa Moshi kila kitu mnapaka udongo mwekundu, njia ikishaingia huku kwetu wekeni tope jeusi bana, mvua ikinyesha mnalijua lile

Mzee wa Pasua: Arusha mtatufundisha nini, vumbi lenu linaingia mpaka kwenye chai

Chalii wa Kijenge: Afadhali vumbi kuliko kujisifia kufagia

Mleta uzi: Naona mnamtetea

Fundi Majengo: Samahanini wakuu, kuna mwenye RAM ya laptopu 8GB, DDR4? Yangu njia ikifunguka inazima

Mzee wa Pasua: Ninayo, ila ya kompyuta ya mezani

Dada wa Rau: Hata yangu inazima! Fundi upo Majengo upande gani?