Ruzuku ya pamba: tulinganishe nchi kwa kipimo gani?

Swali
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa mada kuhusu ruzuku ambazo serikali hutoa kwa wakulima wa pamba, hasa Marekani, China, India na Umoja wa Ulaya. Nilianza kwa kupanga nchi kwa jumla ya fedha zinazotolewa, lakini mpangilio huo hauelezi kwa nini Afrika Magharibi imeilalamikia zaidi Marekani. Je, kuna kipimo kinachofaa zaidi?

Jibu la 1
Tazama kwanza ruzuku inalipwa kwa msingi gani. Malipo yanayoongezeka pale bei ya dunia inaposhuka humwondolea mkulima sababu ya kupunguza eneo analolima, hivyo pamba huendelea kufurika sokoni wakati uleule ilipopaswa kupungua, na hasara humwangukia mkulima ambaye serikali yake haina uwezo wa kumfidia. Hiyo ndiyo hoja ambayo Benin, Burkina Faso, Chad na Mali ziliiwasilisha kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003. Kisha uliza pamba hiyo inakwenda wapi: Marekani huuza nje sehemu kubwa ya mavuno yake, ilhali China, pamoja na uzalishaji wake mkubwa, bado huagiza pamba kwa ajili ya viwanda vyake.

Jibu la 2
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila China isichukuliwe kuwa haina athari. Tangu mwaka 2014 serikali yake huwafidia wakulima wa Xinjiang, eneo la magharibi mwa China, pale bei ya soko inapokuwa chini ya bei lengwa, yaani bei ambayo serikali imeiweka. India hutangaza bei ya chini kabisa ambayo mkulima anahakikishiwa na kununua kupitia shirika la umma, lakini ruzuku yake ya mbolea haionekani kwenye hesabu za pamba pekee. Ugiriki na Hispania hupata malipo ya Umoja wa Ulaya yanayofuata ukubwa wa eneo lililolimwa pamba.

Jibu la 3
Usiiache kesi ya Brazil dhidi ya Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku ya pamba. Ilifunguliwa mwaka 2002 na Brazil ikashinda rufaa mwaka 2005, lakini mzozo uliendelea hadi mwaka 2014, Marekani ilipokubali kulipa dola milioni 300 kwa taasisi ya wakulima wa pamba wa Brazil. Benin na Chad zilishiriki kesi hiyo kama wahusika wa tatu, yaani nchi zenye maslahi ambazo si mlalamikaji wala mlalamikiwa, na wakulima wao hawakupata chochote katika fidia hiyo. Kwangu mimi, hiyo ni dhuluma ambayo jedwali la jumla ya fedha haliwezi kuionyesha.