Tupeane uzoefu: kosa lako la mwanzo wa msimu kwenye bustani ya mboga

Wakuu, habari za majukumu. Baridi imeanza kulegea, na sisi wenye vibustani vya mboga tumeanza kulala na tope kwenye kucha. Naomba tusimuliane makosa ya kipindi hiki. Ya kujisifia tutayaleta wakati wa kuvuna.

Naanza mimi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na miche ya nyanya kama 200, nimeilea wiki saba ndani ya nyumba. Trei zimejaa hadi mezani, sisi tunakula sahani tumezipakata. Likaja jua zuri siku tatu mfululizo, roho ikashindwa kutulia. Ya nne nikaitoa yote nikaipandikiza. Jioni yake majani yameshababuka meupe, maana jua ilikuwa inalionea dirishani tu. Usiku wa pili ikashuka sakitu, ile baridi ya kugandisha umande. Asubuhi nakuta miche imelala, myeusi, imelegea kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Siku hizi naizoesha kwanza: muda wa saa mbili nje kivulini, kesho yake zaidi kidogo, siku kumi hivi, na maji napunguza. Kutoa na kuingiza trei kunachosha kuliko jembe, lakini sijarudia kuzika miche 200.

BI TUTA
Pole mkuu. Mimi aliyenikomesha ni kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche michanga. Nilisia mbegu za pilipili hoho nikazibananisha, kisha namwagilia asubuhi, mchana na jioni, kwa mapenzi tu. Zikaota vizuri. Wiki haijaisha, shina linanyong'onyea pale pale usawa wa udongo, mche unaanguka, kesho jirani yake. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji! Sasa nasia kwa nafasi, namwagilia asubuhi peke yake.

JEMBE BUTU
Kulima udongo wa mfinyanzi ukiwa umelowa. Mabonge yalikauka kama matofali, karoti zikatoka zimepinda na kugawanyika miguu miwili. Kamata udongo ukaze kwenye ngumi, kisha usukume kwa kidole. Usipomeguka, bado umelowa, rudi ndani ukanoe jembe. (Jina langu msilicheke.)

MCHA MICHE
Nilipandikiza kabichi jioni, asubuhi kumi na kitu zimekatwa chini kama kwa mkasi, majani yapo pale pale hayajaliwa. Nikamnunia jirani kwa sababu ya kuku wake, salamu siitikii. Siku ya tatu nikachimbua kwa kidole pembeni ya shina lililokatwa: sota, yule kiwavi mkata miche, mnene, wa kijivu, kajikunja. Usiku nikarudi na tochi nikawaokota mmoja mmoja. Sasa kila mche nauvisha kipande cha karatasi ngumu shingoni, nusu kimezama kwenye udongo. Kwa jirani nilipeleka spinachi, sababu sikumwambia.

BI TUTA
@Mcha Miche 😂😂 mwambie tu.

MGENI WA JEMBE
Mimi niliweka samadi mbichi kwenye mashimo na kupanda siku hiyo hiyo. Mengine mnayajua, samadi mbichi inaunguza mizizi.

MLETA MADA
Jembe Butu, nimetoka kufanya ile ya ngumi sasa hivi. Bonge halikumeguka. Natafuta tupa.