Sarafu ya dola moja au noti ya dola moja? Mlioko Marekani na kwingine, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi niko Columbus, Ohio, nashinda kaunta ya duka la kituo cha mafuta. Juzi kaja mzee mmoja, kachukua kahawa na karanga, kalipa kwa sarafu nne za dola moja, zile za rangi ya dhahabu. Kijana ninayemfundisha kazi akazigeuza geuza, akaniuliza ni hela za nchi gani. Na kijana mwenyewe kazaliwa hapa hapa!

Nikamwambia pokea, ni hela halali. Kasheshe ikawa pa kuziweka. Droo yetu ya mauzo ina vyumba vya senti moja, tano, kumi na ishirini na tano, basi. Zikalala chini ya trei pamoja na noti za mia. Na kitu kikishalala chini ya trei hakimrudii mteja kama chenji, kinakwenda zake benki. Kwa maoni yangu sarafu hii inafia hapo kwenye droo, wala si kwamba watu wanaichukia.

Nani kati yenu anaitumia kila siku? Na nyie mnaoshika dola nje ya Marekani, noti ndogo mnaionaje? Mwageni uzoefu.

Mama Harusi, Minneapolis

Kaka, wewe unazungumzia droo, mimi nazungumzia ukumbi. Huku kiangazi kikifika kila wikiendi ni harusi, leo Wazanzibari, kesho Wakongo, keshokutwa Wakenya wa Mombasa. Ijumaa kabla benki haijafunga napita dirishani kuomba bunda la noti mia za dola moja, mpya zinazonukia wino. Yule binti wa dirishani akiniona na hina mikononi haniulizi tena nataka nini.

Sasa bi harusi anaingia, taarabu imekolea, unakwenda kumtunza. Moja kwenye paji la uso, moja begani, nyingine unazipeperusha juu ya kichwa cha mwimbaji, na watoto chini wanaokota kwa kapu. Ukitunza kwa noti za tano utafilisika kabla wimbo haujafika kiitikio. Ukitunza kwa sarafu je? Umrushie bi harusi vyuma usoni, ukoo mzima ukususie?

Siku Wamarekani wakiifuta noti ya dola moja, sisi kutunza ndiyo basi. Mimi kura yangu ni noti.

Mkusanya Sarafu

Mama, umenichekesha, ila una hoja nzito kwa maana halisi. Noti moja ina uzito wa kama gramu moja. Sarafu ya dola ni gramu 8.1. Bunda lako la gramu mia lingekuwa gramu 810, ungelibeba kwa mkoba wa sokoni.

Mtoa mada, kuhusu kwa nini haikushika, ugonjwa ni wa zamani. Sarafu ya Eisenhower ya 1971 ilikuwa kubwa, haikai mfukoni. Wakaja na ya Susan B. Anthony mwaka 1979: kipenyo milimita 26.5, wakati robo dola ni milimita 24 na kidogo, tena zote mbili za rangi ya fedha na zenye meno pembeni. Ukiwa na haraka unamkabidhi mtu dola ukidhani ni robo. Watu wakaikimbia. Mwaka 2000 ndiyo ikaja hii ya Sacagawea, mama wa Kihindi Mwekundu mwenye mtoto mgongoni, rangi ya dhahabu na ukingo laini ili hata kidole gizani kiitofautishe. Kasoro ya kwanza ikapona, lakini noti haikuondolewa. Mtu akiwekewa vyote viwili mezani anachukua alichozoea.

Kuanzia 2007 wakapiga za marais, mmoja baada ya mwingine. Zikajaa kwenye stoo za benki kuu hadi Desemba 2011 serikali ikasema zisipigwe tena kwa ajili ya mzunguko, wakati huo zimerundikana takribani bilioni 1.4. Na kuna wajanja walioagiza masanduku ya sarafu hizo kwa kadi ya mkopo, usafirishaji bure, zikifika wanazipeleka benki bila hata kufungua karatasi, wanalipa kadi, wanabaki na maili za kusafiria ndege ambazo kadi inawazawadia. Mwaka huo huo wa 2011 kiwanda cha sarafu kikaacha kupokea kadi za mkopo kwa maagizo hayo.

Mpanda Treni

Mimi nilizijulia New York enzi za kadi ya MetroCard. Unaingiza noti ya ishirini, unanunua safari zako, mashine inakutapikia chenji ya sarafu za dola, kwa kishindo ambacho stesheni nzima inageuka kukutazama. Mama yangu alipokuja kutembea alizipenda sana, akawa anaziweka kwenye kopo la maziwa. Mimi nilikuwa nazimalizia kwenye mashine hiyo hiyo, maana muuza duka wa mtaani kwetu alikuwa anazipokea kwa kununa.

Dada wa Vyumba

Nafanya usafi hotelini. Tipu inaachwa juu ya mto au kando ya simu, na ni noti: moja, mbili, mgeni mwenye moyo tano. Nazikunja naingiza kwenye aproni, kazi inaendelea. Kuna mgeni aliniachia sarafu za dhahabu zimepangwa mnara. Nilifurahi, lakini shifti nzima zikawa zinanigonga paja kila nikiinama kutandika. Mashine za kufulia za jengo letu nazo zinataka robo dola tu, kwa hiyo hata huko hazikunifaa.

Mlushois

Bandugu, muko na raha. Huku Lubumbashi dola ni feza ya kila siku: kodi ya nyumba dola, masomo ya watoto dola, simu dola. Lakini noti ya moja? Ipeleke dukani uone. Wengi hawaitaki, watakuambia ongeza ifike tano ama lipa franka. Na si ya moja tu. Hata ya mia ikiwa na mchaniko kidogo pembeni, mbadilisha feza anaiinua kwenye mwanga, anapitisha ukucha ukingoni pole pole, halafu anakurudishia bila neno. Noti ile ile mutu wa Ohio angeipokea bila kuitazama mara mbili.

Ukinunua kitu cha dola saba na nusu ukatoa kumi, chenji unapewa franka, kwa bei ya siku hiyo anayoijua muuzaji. Kuhusu sarafu musiniulize: kwetu hata sarafu za franka hazizunguki, ni noti tupu, na zile ndogo zinalainika kama kitambaa cha kufutia meza.

Jero

Bongo nako noti ndogo za dola zina mikosi yake. Ukienda kubadilisha, ubao una bei mbili au tatu: hamsini na mia bei nzuri, kumi na ishirini inashuka, moja na tano ndiyo kabisa. Na zilizochapwa kabla ya 2006 wengi hawazitaki. Mjomba akitoka Marekani na bunda la noti za dola moja za kugawia wajukuu, wajukuu wanapata hasara.

Ila kwa hela yetu tumeshavuka mto ambao Wamarekani wameushindwa. Mwaka 2014 Benki Kuu ilitoa jero ya sarafu, ina Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, kwa sababu noti ya mia tano ilikuwa inapita mikono mingi na kuchakaa haraka. Tulilalamika inadondoka kwenye makochi ya watu. Makonda ndio waliofaidi, hawahesabu tena matambara yenye jasho.

Baridi Kali, Toronto

Jero kasema kweli. Huku Kanada sarafu ya dola, ile wanayoiita loonie, ilitoka 1987, na 1989 wakaacha kutoa noti. Nilipohamia nilikuta watu wameshasahau kama kulikuwa na noti, na 1996 wakaongeza ya dola mbili. Mifuko ya koti inatoboka, sikatai. Lakini troli ya supamaketi inafunguka kwa sarafu hiyo hiyo.

Mtoa mada

Asanteni wakuu.

Mbao Tatu, Nairobi

Swali dogo. Sista yangu yuko Dallas, anataka kuniletea hizo za dhahabu kama mia hivi Desemba. Nitazibadilisha hapa town?

Mkusanya Sarafu

Usitegemee. Maduka ya kubadilisha fedha yanachukua noti, sarafu za kigeni hawagusi. Mwambie azipeleke benki Dallas, apewe noti moja ya mia, mpya, isiyokunjwa. Akuletee mbili tatu za Sacagawea uwaonyeshe watoto.